Kofi la Leba

Kofi la kwanza nililoliona leba lilipigwa na mwalimu wangu wa ukunga, mwanamke mpole ambaye nje ya chumba kile sikuwahi kumsikia akimpandishia mtu sauti. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Mzazi alikuwa binti mdogo, amebana mapaja na kichwa cha mtoto kimeshafika. Mwalimu alimzaba upande wa ndani wa paja, mara moja tu, kwa kiganja kilichonyooka. Binti akashtuka, akatanua miguu, mtoto akatoka analia. Tulipokuwa tunanawa mikono mwalimu akaniambia, "Unapiga pale penye nyama. Hapaachi alama. Na unapiga kwa ajili ya mtoto, si kwa hasira. Ukiona una hasira, toka nje."

Nililishika somo hilo kama nilivyoshika namna ya kufunga kitovu. Ile sehemu ya kutoka nje niliisahau baada ya miezi michache ya kazi. Kama ningekuwa natoka kila ninapokasirika, leba ingebaki bila mtu.

Mimi ni wa Bigwa. Kwetu ni pale chini ya mlima, ambapo nyumba zinakwisha na bustani za mchicha na figiri zinaanza. Mama alilima mboga akiziuza mjini. Shamba lilikuwa lake, kama lilivyokuwa la mama yake, kwa sababu sisi Waluguru ardhi yetu hufuata lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama. Baba alipofariki hakutokea mtu wa kumfukuza mama. Pale mgeni alikuwa baba. Nimekua nikiwaona mama zangu wakubwa na wadogo wakikaa na mjomba kuamua nani alime bonde lipi, na mjomba akisema jambo lisilowapendeza, walimwambia hapo hapo. Nilivaa sare nyeupe kwa mara ya kwanza mbele ya wanawake hao, na mama alinizungusha mlangoni ili wote waione.

Nilianza kazi katika hospitali moja mjini, miaka ile soko huria lilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu nilipokuwa shuleni sasa yalijaa sabuni za kila rangi, na mitumba ilitandazwa hadi karibu na geti letu. Ndani ya geti mambo yalikwenda kinyume chake. Vitu tulivyovizoea vilikuwa vinaondoka kimoja kimoja. Mjamzito akaanza kuambiwa kliniki kwamba siku ikifika aje na vyake: glovu, wembe mpya, uzi, pamba, na kipande cha mpira wa kutandika kitandani. Zamu nyingi tulikuwa wauguzi wawili. Vitanda vikijaa, wazazi walisubiri sakafuni juu ya kanga zao.

Wenzangu wengi huyataja haya kama utetezi, na yote ni kweli. Lakini maneno tuliyokuwa tunayasema leba hayakuletwa na upungufu wa glovu. "Ulipokuwa unapata raha mbona hukutuita?" Hilo lilisemwa karibu kila siku, na aliyelisema alikuwa akiangalia kama mwenzake anacheka. Tulikuwa tunacheka. Mke wa ofisa au mwalimu wa sekondari hakuambiwa hivyo. Waliambiwa waliotoka mlimani, wenye kanga zilizopauka na miguu yenye udongo mwekundu, ambao walisema "ndiyo, nesi" kwa kila tulichosema. Walikuwa ndugu zangu. Nilikuwa najua hata baadhi ya koo zao. Nadhani ndiyo maana nilikuwa mkali kwao kuliko wenzangu waliotoka mikoa mingine.

Mwanamke ninayetaka kumweleza aliletwa saa nne asubuhi, na lori la ndizi kutoka Kinole. Alikuwa na umri kama wangu, ujauzito wa pili. Wa kwanza alizaa nyumbani. Alisindikizwa na mama yake. Nilimzuia mama mlangoni.

"Shikamoo, mama. Wewe kaa nje."

"Marahaba, mwanangu. Nimshike mgongo tu."

"Hapa si sokoni, mama. Kaa nje."

Akakaa nje. Binti yake nikamlaza kitandani, nikafungua kifurushi chake. Wembe ulikuwepo, uzi ulikuwepo, pamba ipo. Glovu hakuna.

"Glovu ziko wapi?"

"Kwetu hazikupatikana, nesi. Mama atakwenda kununua hapo ng'ambo."

"Miezi tisa hukuziona, unaziona leo?"

Nilimpima, njia ilikuwa bado haijafunguka vya kutosha. Uchungu ulipomshika alijikunja, akasema, "Nesi, naomba nipige magoti. Nikilala hivi siwezi."

"Hapa tunazalia kitandani. Ukitaka kupiga magoti nenda kanisani."

Mwenzangu alicheka, nami nikafurahi kwamba amecheka. Kisha tukaenda kunywa chai katika chumba cha pili. Nilimsikia akiita, "Nesi, anakuja." Nikamjibu kutoka kule kule, "Bado. Nimekupima sasa hivi." Akaita tena. Nikamaliza andazi langu.

Nilipoingia nilimkuta ameshuka kitandani. Amepiga magoti sakafuni, ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, kichwa cha mtoto kiko nje. Nilimpiga. Nilianza na paja, nikampiga mgongoni, na alipogeuka kunitazama nikampiga shavuni. Mtoto aliteleza, nusu mikononi mwangu, nusu kwenye kanga. Alikuwa wa kike, na alilia vizuri. Mzazi alichanika kidogo, ikabidi nimshone. Dawa ya ganzi ilikuwepo, ila kabati lilikuwa limefungwa na aliyekuwa na ufunguo amekwenda benki. Sikumsubiri. Nilimshona hivyo hivyo.

Hakupiga kelele. Nilipokata uzi wa mwisho akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nimekosa nini?"

"Nyamaza, upumzike," nikamwambia.

Siku ya pili aliruhusiwa. Lori la Kinole lilikuwa likiondoka mchana, lakini hakwenda kulipanda. Alikwenda kukaa kwenye benchi nje ya ofisi ya Matroni, yeye, mama yake, na kichanga kimefungwa kwenye kanga. Matroni alipotoka akamwuliza anamsubiri nani.

"Namsubiri nesi aliyenipiga. Anitajie kosa langu. Akinitajia nitaondoka."

Matroni, mkuu wetu wa wauguzi, alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. Aliwahi kumshughulikia mhudumu aliyeiba mashuka, na aliyedai hongo alimfikisha mbali. Lakini malalamiko ya kofi hakuwa amewahi kuyapokea. Alimwuliza kama anataka kuandika barua.

"Barua hainijibu," mwanamke alisema. "Yeye yupo, ana mdomo."

Nikaitwa. Nakumbuka nilikuwa na aibu, lakini si kwa sababu nilimpiga. Nilikuwa na aibu kwa sababu madaktari walikuwa wanapita kwenye ukumbi ule na kumwona pale. Nilisimama mbele yake nikasema, "Ulishuka kitandani bila ruhusa."

"Kushuka kitandani ndilo kosa?"

"Ungeweza kumuua mtoto."

Akamfunua mtoto usoni. "Huyu hapa."

Matroni akasema, "Nesi, mwombe radhi mwenzako, yaishe."

"Samahani kama uliumia," nikasema.

"Kama?" akauliza yeye. Mama yake alicheka kidogo, cheko la puani, akaangalia pembeni.

Hawakuondoka. Walilala hapo hapo hospitali, pamoja na ndugu wa wagonjwa wengine, na siku iliyofuata wakakaa tena benchini tangu asubuhi. Watu waliokuja kuona wagonjwa waliuliza, wakaambiwa, wakatazama mlango wa leba. Mimi nilipita mlango wa nyuma. Siku ya tatu benchi lilikuwa tupu. Baada ya kama miezi miwili nikapata barua ya uhamisho, kwenda zahanati ya kijiji kilichoko juu ya Kinole, mwendo wa saa moja na nusu kwa mguu kutoka lori linapoishia. Barua haikutaja sababu. Sijui hadi leo kama Matroni alichagua kijiji kile makusudi.

Zahanati ilikuwa na vyumba vitatu. Kimoja cha bwana mganga, mzee wa makamo aliyekuwa akisubiri kustaafu, kimoja cha dawa, na kimoja chenye kitanda cha kuzalia. Ilizungukwa na migomba, mikarafuu na mipilipili manga iliyopanda juu ya miti. Kila Alhamisi wanawake walileta watoto kupimwa uzito na kuchanjwa. Walinisalimia kwa heshima, wakafuata kila nilichosema. Kujifungua hawakuja. Mwezi ukaisha, ukafuata mwingine, daftari la wazazi likabaki jeupe. Bwana mganga akaanza kuweka maboksi ya dawa juu ya kitanda cha kuzalia, nami sikumkataza.

Katika taarifa ya kila mwezi niliandika, "Wananchi wa huku bado wanashikilia mila potofu." Niliiandika sentensi hiyo mwaka mzima. Wilayani hakuna aliyeihoji.

Kisha ikaja asubuhi ya machela. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri, njia ina utelezi. Nilikuwa nafagia baraza nikasikia vishindo vya miguu, wanaume wanne wanashuka mbio na machela, nyuma yao wanawake kama sita. Aliyelala juu alifunikwa hadi kidevuni, midomo imekuwa myeupe. Kanga iliyokuwa chini yake ilikuwa inadondosha damu. Nilijua mara moja. Amezaa, na damu haikukatika.

"Mwingizeni ndani!" nikasema. "Nina sindano ya kuzuia damu. Mwingizeni!"

Mwanaume wa mbele alipunguza mwendo. Mwanamke mmoja nyuma akasema neno, naye akaendelea. Wakapita mbele ya mlango wangu, karibu kiasi kwamba ningeweza kugusa mti wa machela. Nilikimbilia sindano, nikatoka nayo, nikawafuata bondeni. Mwanamke yule aliyesema neno akasimama katikati ya njia, akanizuia kwa mikono.

"Rudi, nesi."

"Atakufa huyu!"

"Amesema mwenyewe. Amesema asipelekwe kwako, hataki kupigwa."

Njia ilikuwa nyembamba na yeye alikuwa na nguvu. Nilisimama na sindano yangu. Wengine walishaingia kwenye migomba.

Alifariki Kinole, pembeni mwa barabara, wakisubiri gari. Siwezi kusema sindano ile ingemwokoa. Naweza kusema tu kwamba nilikuwa nayo mkononi, haijapita muda wake, na yeye alipita hatua mbili kutoka nilipokuwa akiwa bado anapumua.

Nilikwenda mazikoni. Hakuna aliyenifukuza na hakuna aliyenikaribisha. Nilikaa na wanawake kwenye majani ya migomba waliyotandika. Bibi aliyekuwa akiwazalisha wanawake wa kijiji kile, ambaye nilishamtaja katika taarifa zangu bila kumjua sura, alinisogelea akakaa karibu nami.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa benchi."

Sikuelewa. Akanielekeza kwa kidevu upande wa pili wa bonde. "Mjukuu wa dada yangu anakaa kule. Alipokuja kutoka mjini alitusimulia. Ulipofika hapa na begi lako alikuona, akasema ni huyu."

Mjini, mtu wa kijiji chochote cha upande ule akiulizwa kwao husema Kinole, kwa hiyo nami niliandika Kinole. Kumbe mwaka mzima nilikuwa nauona moshi wa jiko lake. Mtoto wake alikuwa akimpeleka kupimwa Kinole chini, saa tatu kwenda na kurudi, asinione.

"Naomba unipeleke kwake," nikamwambia bibi.

"Kufanya nini?"

"Sijui bado."

Alinipeleka baada ya siku tatu. Tulimkuta uani anakwangua magome ya mdalasini, mama yake anayatandaza juu ya jamvi. Yule mtoto wa kike alikuwa ameshaanza kutembea; aliokota kipande cha gome akanipa. Nilikipokea. Mama mtu alitoa kigoda. Mwanamke aliendelea kukwangua.

Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani na yote niliyaona hayafai. Nikasema, "Uliniuliza kosa lako. Hukuwa na kosa."

Akanyanyua macho.

"Ulijua mtoto anakuja, ukaniita, mimi nilikuwa nakula. Ningekuja ulipoita, ningemdaka vizuri. Nilikupiga kwa sababu nilikukuta umefanya bila mimi."

"Na usoni?"

"Usoni ni hasira tu. Na mazoea."

"Mimi nilikuwa nadhani labda kuna kitu nimefanya na sikijui," akasema. "Nimejiuliza sana. Mume wangu hajanipiga hata siku moja. Mjomba hajanipiga. Shule nilipigwa, lakini nilikuwa najua kwa nini." Kisha akarudi kwenye gome lake. "Haya, nimesikia."

Mama yake ndiye aliyesema kwa hasira. Alisema pale nje ya mlango aliambiwa si sokoni, na kwamba yeye sokoni anaheshimiwa. Alisema marehemu aliyepita na machela alikuwa rafiki wa binti yake tangu walipokuwa wali, wasichana wa kufundwa, wakachezwa ngoma pamoja. Akasema na mengine ambayo sitayaandika. Alipomaliza akauliza, "Umekuja kutuambia sisi. Wale wengine nani atawaambia? Maneno yetu walishayasikia. Sasa wayasikie ya kwako."

Nikamwuliza kwa namna gani.

"Alhamisi si wanakuja wote na watoto?" akasema binti yake, bila kunitazama. "Waambie."

Alhamisi hiyo nilipima watoto wote kwanza. Kisha nikasimama barazani nikasema kwamba niliwahi kumpiga mzazi katika hospitali niliyotoka, na si mmoja, nimewapiga wengi siwakumbuki. Nikasema hapa sitampiga mtu wala kumtukana, na kama nikifanya hivyo mwenyekiti wa kijiji aambiwe siku hiyo hiyo. Bwana mganga alitoka chumbani kwake akiwa na miwani mkononi, akarudi ndani. Wanawake walinisikiliza kama walivyosikiliza somo la uji wa lishe. Mmoja akauliza, "Na mtu akitaka kuingia na mama yake?" Nikasema aingie. "Na kupiga magoti?" Nikasema apige. "Na bibi?" Wote wakamtazama bibi mkunga aliyekuwa ameketi kando. Nikasema bibi pia.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba hawakuwa na mila iliyowazuia. Walikuwa na masharti, na hakuna aliyewahi kuwauliza ni yapi.

Aliyekuja wa kwanza kujifungua alikuwa mdogo wa yule mwanamke, tumbo moja. Alikuja asubuhi, jua limeshapanda, na mama yake yule yule, na bibi. Tulitoa maboksi kitandani, lakini kitanda hakikutumika. Alizunguka chumba, akasimama dirishani, akapiga magoti kwenye jamvi walilokuja nalo. Mama alimshika mgongo. Bibi alikaa mbele akimwambia mambo kwa Kiluguru kwa sauti ya chini, mengine ya mzaha, kwa sababu binti alicheka katikati ya uchungu. Mimi nilikuwa nyuma nikisikiliza mapigo ya mtoto kila baada ya muda, na kwa kweli hapakuwa na kazi kubwa. Hilo lilinitaabisha. Nilizoea kuhangaika. Nilizoea kufikiri kwamba nisipopiga kelele mtoto hatatoka.

Wakati fulani binti alibana mapaja, kichwa kimefika, kama yule wa siku ya chuoni. Nilihisi mkono wangu umeinuka. Hakuna aliyeuona isipokuwa mama mtu, aliyenitazama tu. Nikaushusha. Bibi alimwambia binti atoe pumzi kama anayepuliza moto wa kuni mbichi, akaitoa, miguu ikalegea yenyewe. Mtoto alizaliwa wa kiume. Tulipomaliza, mama mtu alinawa mikono kwenye beseni langu, akanishukuru kwa ufupi, kama unavyomshukuru mtu aliyekupisha njiani.

Baada ya huyo wakaanza kuja, si wote. Msimamizi kutoka wilayani alipotembelea alikuta chumbani mzazi yuko chini, mama yake yuko nyuma yake, na bibi anakunywa uji. Alinipeleka nje akanifokea kwa sauti iliyosikika hadi kwenye migomba. Aliuliza kama nimegeuza zahanati kuwa uwanja wa ngoma. Nilimwonyesha daftari. Aligeuza kurasa nyeupe za mwaka wangu wa kwanza, kisha zile zilizoandikwa. Aliondoka bila kusaini kitabu cha wageni, na barua ya onyo niliyoitegemea haikuja.

Ilikuwa miaka ya semina. Mjini vilikuwa vimeota vikundi vya wanaharakati kama uyoga, na mwaliko mmoja ulifika hadi kwangu, semina ya siku mbili juu ya jinsia. Nilishuka. Tulikuwa wanawake kama thelathini ukumbini: walimu, makarani, wauguzi wachache, wakulima waliovaa vitenge vipya. Mwezeshaji alikuwa msomi kutoka Dar es Salaam, mwanamke mchangamfu anayejua kusikiliza. Neno ufeministi nililisikia kwake kwa mara ya kwanza. Nilipolieleza baadaye kijijini, mama wa yule mwanamke wa benchi aliuliza kama ni dawa ya kunywa au ya kuchoma sindano.

Mwezeshaji alibandika karatasi kubwa ukutani akauliza, "Nani anamkandamiza mwanamke?" Tukaanza kutaja naye akaandika: mume, mila, wakwe, serikali, mwajiri. Niliinua mkono.

"Andika nesi."

Watu wakacheka. Yeye alicheka pia, kalamu iko hewani. Nikasema, "Sifanyi mzaha. Mimi ni nesi. Nilikuwa napiga wazazi." Nikaeleza kwa kifupi, bila kumtaja yule mwanamke anakotoka.

Karani mmoja, mtu mzima aliyevaa vizuri, akasema, "Nimezaa watoto watatu. Wa pili nilitukanwa hadi leo nayakumbuka maneno. Sijawahi kumwambia mtu, hata mume wangu." Mwalimu akafuata. Mkulima mmoja akasimama, akaonyesha mahali aliposhonwa kwa kujigusa juu ya kitenge, akakaa. Muda wa chai ukapita, wahudumu wakaja kuchungulia mlangoni, hakuna aliyetoka. Mwezeshaji aliweka kalamu mezani akavuta kiti akakaa nasi.

Nesi mmoja tuliyekuwa tukifanya naye kazi zamani hospitalini alinisubiri nje jioni. "Umetuvua nguo," akasema. "Mbele ya wakulima. Unajua tulivyokuwa tunafanya kazi pale? Wawili tu? Mbona hayo hukusema?"

"Ni kweli, sikuyasema."

"Sasa kila mtu anatuona wanyama."

Nilimwelewa. Ningeweza kumwambia kwamba yeye ndiye aliyecheka siku ile niliposema habari ya kanisani, na kwamba nilisema ili acheke. Sikumwambia. Tuliagana vibaya na hatukupatana tena. Hilo huwa linaniuma zaidi ya barua ya uhamisho, kwa sababu tulikuwa tumegawana kila kitu, hata viatu vya kazini.

Nilikaa mlimani hadi nilipostaafu. Wauguzi vijana waliofuata walisoma chuoni kwamba mzazi anaruhusiwa msindikizaji, wakanieleza jambo hilo kama habari mpya, nami niliwaacha wanieleze. Si kwamba wote hawapandishi sauti. Nimesikia, nimeingia, nimewatoa nje.

Yule mwanamke alizaa tena mara mbili baada ya siku tuliyokaa uani kwake. Mimba ya tatu alikuja zahanati, akapiga magoti, akazaa bila kuniambia zaidi ya maneno kumi. Hatukuwa marafiki. Tukikutana njiani tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto na za bei ya karafuu, kila mtu akashika njia yake. Mimba ya nne nilimfuatilia mwenyewe kliniki hadi mwisho. Siku zake zilipofika nilipanga chumba, nikasubiri. Nikapata habari kwamba amezaa nyumbani kwa bibi.

Nililala na jambo hilo siku kadhaa. Nilijiuliza ni neno gani nililosema vibaya, au kama miaka yote ile alikuwa hajanisamehe na sasa ameamua kunionyesha. Alhamisi alipoleta mtoto kupimwa, nilisubiri wengine wapungue, nikamwuliza kwa nini hakuja.

Alinishangaa. "Mvua, nesi," akasema. "Mto ulijaa. Ningepitia wapi?"

Akamtoa mtoto mgongoni, akanipa nimpime.